Mvungu wa Ulimi

Nilikwenda kutafuta pointi, sitasema uongo.
Leseni yangu ilikuwa ikiisha Disemba,
na ukumbi ule wa Ganjoni, Jumamosi,
ulikuwa na chai, mahamri, na feni mbili,
moja ndiyo iliyozunguka.
Daktari wa meno wa miaka thelathini na mmoja
atafundishwa nini tena kinywani?
Nikakaa nyuma na Jivraj,
tukanong'ona juu ya bei ya ganzi.

Akaingia Daktari Mbeyu Katana,
mfupi, viatu vya raba, rika la kitindamimba wangu.
Hakuhutubu. Akawasha picha ukutani:
ulimi umevutwa pembeni
na ubavuni mwake doa,
jeupe kama ukoko wa wali,
ukingoni jekundu.
"Nani amewahi kuliona hili?"
Mikono ikapanda, michache.
"Nani aliliona, akaliagizia maji ya chumvi?"

Wangu ulibaki mapajani.

Shekuwe, fundi wa saa, Barabara ya Biashara,
kioo cheusi jichoni, tambuu shavuni,
aliweza kuona chembe ya vumbi
katika gurudumu dogo kuliko punje ya mtama.
Alinijia na jino la chini, la kushoto.
Nikaling'oa vizuri. Kung'oa najua.
Akasema, "Na hapa pananichoma nikila pilipili."
Taa yangu ilikuwa bado juu ya pengo.
Nikachungulia kama mpita njia,
nikamwambia, "Ni jino hilo lilikuwa likikukwaruza.
Sukutua, patapona."
Akaniamini. Fundi humwamini fundi.

Nilikuwa nimemwachia saa yangu, imesimama.
Miezi tisa baadaye aliileta bintiye, Arafa,
imefungwa kwa gazeti, inakwenda.
"Aliimaliza kabla hajashindwa kusema."
Pesa alizikataa.

"Sasa wawili wawili," akasema Mbeyu.
Jivraj akavaa glavu,
akaukamata ulimi wangu kwa shashi,
akauvuta huku, akauvuta kule,
kidole kimoja ndani, vingine chini ya kidevu,
akibonyeza polepole kama anayechagua parachichi.
Kinywa hiki nimekaa nacho miaka sitini na miwili,
nimekilia, nimekisemea, nimekiapia,
na hakuna mtu aliyewahi kufika mvunguni.
Macho yakanilenga machozi.
Nikasingizia shashi.

Baadaye, wengine wakinakili vielelezo,
mimi niliandika daftarini kwa njia niijuayo,
maana kilichofungwa kwa vina hakinitoroki:

*Usikomee jinoni, tazama na pembe zile,*
*Ulimi na mvunguni, shavu, ufizi wa kule,*
*Wiki mbili mdomoni, kidonda kingali vile,*
*Usimrudishe nyumbani, kipande kikatwe kile.*

Jivraj alilisoma begani kwangu, akacheka,
kisha akaomba kalamu.
Mbeyu alilisoma, hakucheka.
"Ongeza shingo," akasema. "Umesahau tezi za shingo."
Nimejaribu. Shingo bado haijakaa kwenye mizani.

Cheti wametupa, kina mhuri.
Sijakitundika.
Kumwambia Arafa nini, sijui,
na kama nina haki ya kumwambia ili mimi nipumue,
hilo halikuwamo katika somo.

Jumatatu, Mwembe Tayari, ngazi ya pili,
juu ya duka la vitambaa,
wa kwanza ni kijana wa bodaboda,
helmeti mapajani, muguka shavuni,
jino la juu limemkesha usiku kucha.
"Toa ulimi," nikamwambia.
"Daktari, jino ni huku juu."
"Najua. Toa tu."
Akautoa, kwa shaka, kama mtu anayekabidhi pochi.
Nikauzungushia shashi.
Saa mkononi mwangu ilikuwa ikisikika.
Upande wa kulia, safi.
Nikageuza taa.