Karata ya Kumi na Tatu

Thirza, karata zako za taroti zimenifikia,
zote sabini na nane, sandukuni, na utepe wa dhahabu.
Utepe nimeutupa. Chema chajiuza.
Nimezipanga juu ya meza ya jikoni, hapa Todmorden,
mvua ikipiga kioo tangu Jumatano,
paka nimemfungia nje asije akazilalia.

Umeniomba nisikuonee haya. Basi sikuonei.

Nianze na migongo. Miaka thelathini na mmoja
nilisimama kwenye mtambo wa chapa kule Halifax;
karata naijua kwa kidole kabla ya jicho.
Huo mwezi wa mgongoni umeutazamisha upande mmoja:
sijafunua, nami nimekwisha kujua
ipi imesimama, ipi imepinduka.
Karata inayotoboa siri yake kwa kisogo
haifai kuulizwa neno.

Kisha huyo Mungu wako wa Pembe.
Anaruka moto wa Mei, kifua kama cha mwogeleaji,
kichwani matawi makavu, makali, kumi na mawili.
Mwanangu, umewahi kumwona kulungu dume mwezi wa Mei?
Pembe za zamani amekwisha ziangusha,
mpya ni laini, zina manyoya kama ganda la pichi,
zina damu ndani, na zikigongwa zinauma.
Hapo ndipo alipokuwa mungu, ukampita:
dume lenye nguvu linaloogopa kugusa jani.

Mwali, Mama na Bibi Kizee ni mtu mmoja,
umembadilisha nywele tu.
Kizee gani huyu asiye na mshipa mkononi?
Njoo uchore wangu. Nitakaa bure, na chai juu yangu.

Na visu vya mpini mweusi, kwa nini umevitia damu?
Kisu chetu sisi wa Wika hakijui nyama.
Kinakata hewa, kinazungusha duara,
kinarudi kwenye kitambaa chake kikiwa safi.
Damu waachie wengine,
wametuchora nayo karne na karne, hawajachoka.

Lakini lile tufaha lililokatwa kwa upana,
nyota ya pembe tano imelala katikati ya mbegu!
Niliinuka, nikaenda kabatini, nikakata langu kuhakikisha.
Kweli. Nikala nusu nikiwa nimesimama.

Lorcan anasema seti nzima ni ya ajabu,
ila Lorcan husifu hata mabati.
Winifred Greenwood amekupa saba
na nadhani hakuvuka karata ya Juha.

Mimi nilifika ya kumi na tatu jioni, sina taa.
Nilitaraji mifupa, mundu, farasi.
Kumbe ni mlango wa nyuma, uwazi kidogo,
bakuli la mbwa, kalenda iliyokwama Oktoba,
na buti za mpira, tope limekauka,
moja imeanguka ubavu.
Hakuna mwezi. Hakuna nyota hata ya kusingizia.

Kisigino cha kushoto kina kiraka cha tairi la baiskeli.
Nilikuwepo siku Hazel alipokibandika.
Mama yako alitukana gundi ile
kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye fomu ya majaji.

Niliisogeza hadi dirishani.
Penye mwanga wa mlango rangi imekwanguliwa:
kulikuwa na mtu pale, umempaka chokaa.
Ulifanya vyema kumfunika.
Au hukufanya vyema. Nimegeuza nia mara tatu
na sasa ni saa tano usiku.

Fomu inataka namba, moja hadi kumi.
Migongo, mbili. Mungu wa Pembe, tatu, kwa ajili ya moto wake.
Visu, moja. Tufaha, tisa, ningetoa zaidi lakini nakujua.
Penye Kifo nimeacha nafasi tupu;
Winifred atalalamika, na alalamike.

Ukija kuzichukua Jumapili
utakuta ziko sandukuni, zimefungwa kwa kamba ya kawaida.
Usizihesabu.