Nani Anawafukuza?

Saa kumi na mbili kasorobo, Jumamosi,
tunapinda kona ya kinu cha posho, watu kumi na saba,
raba zikipiga lami, pumzi zikitoka moshi wa Julai,
na mwanamume mlangoni, mswaki mdomoni, anauliza:
"Nani anawafukuza?"

Swali la haki. Huku Kariobangi
mtu akikimbia alfajiri ameiba, au ameibiwa,
au amesikia tingatinga limeonekana.
Sisi tunafukuzwa na daktari.
Mimi hasa: miaka kumi na tisa
nahesabu fedha za wengine kule Eneo la Viwanda,
kiti kimenizoea hadi kimechukua umbo langu,
na presha imepanda ngazi zote nilizozikwepa.

Lusweti, siku sita kinyozi, leo amiri jeshi,
filimbi shingoni,
hana imani na mashine za kukimbia pasipo kufika.
"Vyuma vya nini," husema, "na samadi ipo?"
Basi kila mtu nusu gunia begani,
kutoka zizi la mbuzi hadi kando ya mto,
palipokuwa jaa, na bado pananuka jaa
upepo ukigeuka.

Jembe juu, vuta pumzi. Jembe chini, itoe.
Chuchumaa, panda mche; inuka.
Chuchumaa, panda mche; inuka.
Kufika mche wa arobaini mapaja yanaomba radhi
kwa makosa ya ujana.
Reki inazoa ndara ya mguu wa kushoto,
laini ya simu, mkono wa mwanasesere,
na mifuko ya nailoni, tabaka juu ya tabaka:
serikali ilishaipiga marufuku,
udongo haujasikia tangazo.

Kisha mbio za maji.
Mitungi miwili kila mmoja, kutoka kioski hadi matutani,
Abdirizak ameshika saa, sisi tunashangilia.
Mwikali wa benki alimwaga nusu njiani
na bado tulimpigia makofi.

Bi Nyaboke alikuwa amekuja kuuza uji.
Akaweka chupa chini, akakaza leso,
akajitwika lita ishirini kichwani,
nyingine mkononi,
akaenda.
Hakukimbia. Halikudondoka tone.
Akaitua kwenye tuta la kunde, akatutazama
kama mtu anayetazama watoto wakicheza kupika.

"Miaka thelathini na moja," alisema.
"Ghorofa ya tano.
Hakuna aliyenipulizia filimbi.
Hakuna aliyeniambia, mama, pumua."

Abdirizak akaitia simu mfukoni.
Lusweti, maskini, akauliza kwa heshima zote:
"Sasa ulikuwa ukipumua saa ngapi?"
"Watoto wakilala," alijibu,
na alipocheka ndipo nasi tukathubutu kucheka.
Kisha akainama juu ya safu yangu ya managu,
ile niliyojivunia,
akang'oa mche mmoja kwa vidole viwili.
"Hii hujapanda," akasema. "Umezika."

Nikarudia safu nzima.
Miche thelathini na minane,
yeye amesimama nyuma yangu na kikombe cha uji,
hahesabu, haharakishi,
"juu kidogo," "hapo," "juu kidogo,"
na jua limeshavuka paa za mabati
na uji wake nani atauza.

Keshoye maji yakakatika kwetu.
Hukatika kila Jumapili; mimi sikuwahi kujua
kwa sababu pipa la jikoni halijawahi kuwa tupu.
Nilishuka na mtungi mke wangu akiwa amelala.
Kupanda: ngazi themanini na nne.
Mkono wa mtungi unakata vidole
mahali ambapo kalamu haijawahi kufika.
Ghorofa ya tatu jirani akafungua mlango,
akaniona, akashtuka:
"Baba Mutheu! Nani anakufukuza?"

Sikuwa na pumzi ya kumjibu.