Hesabu ya Magurudumu

Desemba ile ya kwanza tulitoka Nakuru saa kumi alfajiri,
Adagala ameshika usukani kama mtu anayedaiwa.
Mwendo wa saa nne na nusu, alisema, tukikaza, hadi Mbale.
Tukakaza.
Kisia alitapika njiapanda ya Londiani, akatapika Kericho,
akatapika juu ya keki ya nyanya yake,
na Jahenda akauliza "tumefika?" mara thelathini na moja.
Nilihesabu. Sikuwa na kazi nyingine ila kunyamazisha.
Saa tatu kasorobo tukashuka, tumenuniana sote wanne,
mama mkwe akatutazama mmoja mmoja:
"Karibuni. Nani amefariki?"

Mimi nililelewa hivyo. Baba alikuwa na Pijo nyeupe
na sheria moja: garini hakuna maneno.
Tulikuwa mizigo yenye macho.
Miaka kumi nilipita Ahero nisijue mpunga una rangi gani;
nilichojua ni kisogo cha baba,
mkunjo kwa mkunjo.

Mwaka huu nikafunga safari kwa mkono mwingine.
Beseni dogo la kijani.
Nguo za kubadilisha, juu ya mizigo, si chini yake.
Limau lililokatwa, la kunusa kwenye kona za majani chai.
Mayai ya kuchemsha, chumvi ndani ya kipande cha gazeti.
Kopo la rangi lenye kifuniko (usiniulize,
ana miaka mitatu, na malori ya Salgaa hayamsubiri mtu).
Tukatoka saa tatu, chai tumekunywa,
hakuna aliyeburutwa kutoka usingizini.
Adagala aliguna. Aliguna mpaka Ngata.

Salgaa, Jahenda akaanza kuhesabu magurudumu:
hili ishirini na mawili! hili kumi na manane, moja lina pancha!
Kisia, ambaye hesabu yake huishia tano,
akapaza sauti "tano!" kwa kila lori lililopita,
na kila mara alikuwa sahihi,
maana tano zimo ndani ya ishirini na mbili.

Kericho mvua ikatukuta saa nane.
Tuliegesha, si kwa hofu: Kisia alitaka kuiona ikigonga kioo.
Dakika ishirini. Hakuna lililofanyika.
Nilimenya mayai. Adagala akala matatu,
kisha akasema, kwa sauti niliyoisikia mwisho enzi za uchumba,
kwamba utotoni aliamini mashamba yale
hunyolewa na kinyozi mmoja tu, usiku, kwa makasi.
Watoto walitaka jina la kinyozi. Akawapa.
Wakataka na jina la mkewe.

Kabla ya Awasi tuligombana, nisifiche.
Jahenda alimuuma ndugu yake kwa ajili ya dirisha,
limau likashindwa, beseni likaitwa,
nami nikafoka kwa sauti ya baba, ileile,
na garini kukaingia kimya cha Pijo.
Nilikijua. Nilijua hata harufu yake.
"Egesha," nikamwambia Adagala. "Popote."

Popote palikuwa Ahero.
Tukashuka, beseni mkononi, viatu vikazama kwenye tope la ukingo.
Yangeyange wamesimama shambani kama mashati yaliyosahaulika kuanuliwa.
Na mpunga, basi, ni kijani
kilichotaka kuwa manjano kikaahirisha.
Mama mmoja mwenye baiskeli akapunguza mwendo,
akauliza kama gari limetuharibikia.
"Hapana," Kisia akamjibu, kidevu kikiwa na kiini cha yai,
"tumefika."

Mbale tuliingia saa mbili usiku, kuku amepoa,
mama mkwe mlangoni na tochi, anachagua neno la kutugombeza nalo.
Jahenda akamuwahi:
"Guku, unamjua kinyozi wa majani chai?"
Tochi ikashuka. Akafikiri kidogo,
akamtazama mwanawe, kisha sisi.
"Yule mwenye mke mkali?" akasema.
"Ingieni."