Sabini na Tano

Nina vitabu thelathini na kimoja vya kupigana
na sijampiga mtu tangu mwaka themanini na tatu.
Viko Mabatini, chini ya kitanda, ndani ya ndoo za rangi
zenye vifuniko, kwa sababu ya mchwa na mvua
na kwa sababu ya Kabula, mke wangu,
anayeviita wake wenza:
hawapiki, hawafui, hawaondoki.

Kimoja ni cha judo. Panya alikula mji kilipochapwa,
akaniachia mwaka.
Kimoja cha mieleka kina mihuri ya maktaba tatu
na hakuna hata moja iliyobaki na mlango.
Kimoja cha karate nilikibadilisha kwa baiskeli.
Baiskeli ilikuwa ya shemeji. Hilo tuliache.

Hiki cha mwisho nilikikuta kinatumika.
Mlango Mmoja, mwezi wa nne, matope hadi kifundoni,
nimenunua karanga za mia mbili,
nikakunjua karatasi kuitafuta ile ya mwisho,
na humo kwenye chumvi
mtu wa suruali nyeupe amesimama kwa mguu mmoja.

Nikamrudia muuzaji. Jina lake Nyanzobe.
"Mama, karatasi hizi umezitoa wapi?"
"Unataka karanga au unataka karatasi?"
Nikasema karatasi.
"Karatasi siuzi."

Basi nikala karanga.
Asubuhi karanga, jioni karanga,
sato wa Kabula akilala sufuriani macho wazi.
Kurasa zilikuja bila mpangilio, kama wageni wa msiba:
ya arobaini, ya tisa, ya mia na mbili.
Nilizipiga pasi ya mkaa
huku Kabula akinitazama kama mtu
anayemwona mwenzake akinyoosha samaki.
Mafuta hayakutoka. Hata leo ukiuinua ukurasa kwenye taa
utamwona mtu wa nyuma akipenya,
akikabana na mtu wa mbele.

Kufika mwezi wa saba nilikuwa nazo zote
kasoro karatasi moja.
Sabini na nne: mguu wa kulia uko juu,
viganja vimefungwa kama mlango wa duka Jumapili.
Sabini na saba: mtu anainama, kazi imekwisha.
Sasa ule mguu ulitua wapi?
Mbele? Ubavuni? Juu ya goti la mtu?

Nilikwenda Igogo alfajiri, kwenye mawe,
ziwa limetulia, kijivu kama sufuria isiyosuguliwa.
Nikauinua. Nikakaa nao hewani.
Wanawake waliokuwa wakianika dagaa wakasimama,
mmoja akaniuliza kwa huruma
kama nimechomwa na mwiba.

Binti wa Nyanzobe ndiye aliyenicheka vizuri.
Ngolelwa, miaka kumi na mmoja, vidole vyeusi kwa wino.
"Huyo? Alikwenda Kamanga na baba mmoja wa kivuko.
Nilimkunja mimi.
Mimi nikikunja, naangalia kwanza."

Akaweka beseni chini.
Akainua mguu, kandambili ikadondoka,
akazunguka nusu, na unyayo ukarudi nyuma,
ukashuka polepole
kama mtu anayeingia chumba alimolala mtoto mchanga.
"Ngolelwa! Karanga zinaungua!"
Zilikuwa zinaungua kweli.

Nimekata karatasi ya daftari kwa kipimo kile kile.
Sijui kuchora. Nimeandika kwa penseli,
maana penseli haioni haya kufutwa:

*Uk. 75. Mguu unatua nyuma, bila kishindo.
Kwa mujibu wa Ngolelwa, mkunja karatasi, Mlango Mmoja.*

Mgongoni, mahali pa sabini na sita,
nimeacha peupe.
Nilimuuliza. Alisema upande ule
hakuugeuza.