Hodi ya Nne

Mwaka ule jua lilituaga Novemba, kule Utsjoki,
likasema litarudi Januari, na kweli likarudi,
ila halikumkuta mtu yule yule.

Nilikuwa na miaka saba. Mama alikuwa na miezi minne kaburini.
Baba, Urho, dereva wa greda la theluji,
mikono inanuka dizeli na mkate wa shayiri,
hakujua kusuka nywele: zangu alizipiga fundo
kama anafunga mzigo wa kuni.

Usiku wa kwanza liligonga mara tatu.
Kwa adabu, kama mgeni aliyefunzwa akafunzika.
Baba akazima redio. Nje digrii thelathini chini ya sifuri,
theluji uani kama unga uliochekechwa,
wala hapana unyayo.
“Pihla,” sauti ikaita. “Pihla mwanangu,
nifungulie, vidole vinaganda.”
Sauti ya Mama, barabara,
hata kile kikohozi.

Nikaruka kitandani. Baba akaniwahi,
akaniziba mdomo kwa kiganja chote.
Mgeni wa heri hupiga hodi tatu, asipojibiwa hurudi.
Huyu alipiga ya nne,
na ya nne ilitoka ndani,
kabatini, katikati ya makoti ya marehemu.

Sikia alichofanya mtu yule,
kilo mia, ndevu mpaka kifuani:
aliibana sauti ikawa nyembamba kama ya mtoto,
akasema, “Abee, Mama.
Ni mimi, Pihla. Nimeshalala.”

Kabati likanyamaza. Likafikiri.
Kisha: “Lala basi.”

Giza lote lile, usiku baada ya usiku, aliitika hivyo,
nami nikimwona anavyopungua.
Kwanza alisahau njia ya karakana.
Halafu sahihi yake.
Siku ya Krismasi akanitazama, kijiko mkononi,
akauliza, “Baba amekwenda wapi?”

Jua liliporudi, jembamba kama ukucha juu ya kilima,
nilikuwa mzima, nina jina langu.
Yeye alikaa dirishani akisuka nyuzi za pazia,
njia tatu, nadhifu,
vile alivyoshindwa kichwani kwangu.

Sasa yuko Rovaniemi, nyumba ya wazee, chumba cha tisa.
Wauguzi humwita Urho, hageuki.
Jumapili nilimpelekea soksi za sufu.
Akanishika mkono, akaninong’oneza
kama nimekumbuka kufunga mlango.

Jana usiku, kwangu, ghorofa ya tatu, lifti mbovu,
zikagongwa tatu.
Nikasubiri.
Ya nne ikatoka kabatini,
na sauti haikuwa ya Mama. Ya mzee, nzito, haina haraka:
“Urho. Urho mwanangu. Upo?”

Nikaketi kitako gizani,
nikakohoa mpaka koo likakwaruza,
nikaishusha sauti chini kabisa, penye dizeli na shayiri.

“Naam,” nikasema.