Mhesabu Mikono

Mkutano uliitwa saa kumi, ukaanza karibu na saa kumi na moja,
uwanja wa shule, Ngamiani,
ramani imebanwa kwenye kamba ya bendera kwa vibanio vya nguo
maana bwana wa halmashauri alisahau gundi.
Mstari mwekundu ulitoka Kange,
ukakata barabara zetu zenye namba badala ya majina,
ukapinda penye Kumi na Sita,
ukafika Bombo, mlangoni mwa hospitali.
"Reli ya mjini," alisema. "Mabehewa mawili. Ya umeme. Moshi hakuna."
"Umeme upi?" ikatoka sauti nyuma.
Tukacheka, naye akacheka,
na hapo ndipo nilipoanza kumwamini kidogo.

Mimi ni katibu wa mtaa. Nimelipiga daftari mistari:
wanaounga, wanaopinga, wasiosema.
Safu ya tatu ndiyo hujaa siku zote.

Kibwana Mdoe, mkodisha baiskeli, akasimama bila kuitwa.
Huyu akikasirika maneno humtoka na vina vyake:

    Reli mnaitamani, nauli nani alipe?
    Baiskeli mlangoni, mnataka nizitupe?
    Mpite madirishani, mkono nami niwape?
    Andika, ndugu katibu: fidia kwanza mnipe!

Wakampigia makofi kama bwana harusi.
Nikamwandika safu ya pili. Kwa penseli.

Kisha Bi Mwanamkuu.
Yeye hakusimama; alisogeza kiti mbele, akakaa tena.
Ukutani kwake wamechora X wiki iliyopita,
rangi bado inanata,
juu ya X nyingine iliyopauka,
ya barabara pana iliyoahidiwa zamani na haikuja.
"Miaka kumi na tisa," alisema,
"sipaki chokaa, sibadili bati,
binti yangu kaolewa kwenye uwanja wa jirani
kwa sababu nani apambe nyumba ya kubomolewa?
Sasa bwana, nijibu moja tu.
Hiki chombo kinakuja, au mmekuja kuchora?"

Bwana wa halmashauri akatazama viatu vyake.
"Kikiungwa mkono na watu, kitakuja."

"Basi wangu huu hapa," akasema, akauinua,
na bangili zikateremka mpaka kwenye kiwiko.
"Kibomoeni kweli. Nimechoka kuishi ndani ya alama."

Hakuna aliyempigia makofi.

Nikaanza kuhesabu.
Mikono yenye makovu ya miiba ya mkonge,
mkono wenye unga wa mandazi, mkono wa mtoto
(nikaupita, akaninunia),
na mkono wa kushoto wa Zahabu,
ule wenye mshipa uliovimba kama kamba chini ya ngozi,
maana mara tatu kwa wiki wanamsafisha damu kule Bombo,
na arudipo hawezi hata kufunga kanga.
Aliuinua huohuo. Ukatetemeka. Hakuushusha.

Nikamtafuta Kibwana.
Ni yeye humpakia Zahabu alfajiri kwenye kiti cha nyuma,
amekifunga mto, wala hamtozi.
Alikuwa ameinua mkono mpaka usawa wa sikio,
akajikuna,
ukabaki hapohapo.
Nikamwuliza kwa macho. Akatazama pembeni.

Mia moja themanini na saba,
na nusu moja ambayo daftari halina safu yake.
Wanaopinga, kumi na wanne, nao nimewaandika majina kamili,
wasije wakasema hawakusikika.
Wangu sikuuinua; ulikuwa na kalamu.

Upepo ukaivuta ramani, ikaanguka kifudifudi mchangani.
Bwana akaikunja, mstari mwekundu ukaingia ndani,
akaomba radhi, akaomba maji ya kunywa.
Bi Mwanamkuu akamngoja amalize glasi,
akakinga kiganja:
"Vibanio ni vyangu, mwanangu.
Nimeacha nguo kwenye beseni."