Baiskeli ya Buluu

Tangu saa tatu usiku shangazi Fidelina yuko juu ya ubao,
tumbo chini, kama mtu anayechungulia kisima;
ubao umelazwa juu ya matofali mawili
asije akagusa alichokwisha kukitengeneza.
Chekeche mkononi. Unga wa mbao
aliouchovya rangi Jumatatu, akauanika darini:
zambarau, manjano, kijani cha kasuku,
na kopo moja dogo la buluu
ambalo hakumwambia mtu ni la nini.

Mtaa mzima wa Antigua umekesha.
Watoto wananyunyiza maji upepo usiibe rangi.
Mumewe, Obdulio, anapitisha kahawa, anatania
kwamba waridi la jirani limefanana na kabichi.
Kila mlango na zulia lake,
kila zulia na saa zake za kuishi.

Alfajiri ndipo tulipoiona:
pembeni, karibu na ukingo wa majani ya msonobari,
baiskeli.
Si malaika, si njiwa, si kikombe cha divai.
Baiskeli ya buluu, usukani umepinda kushoto
vilevile ulivyopinda siku Wilmer alipogonga ukuta wa kanisa,
miaka tisa, akacheka huku damu ikimtoka puani.
Wilmer ambaye hatumtaji mezani.
Obdulio alivua kofia, akaivaa tena.

"Piga picha," nikamnong'oneza Nohemí.
Fidelina akasikia. "Picha ninazo.
Zimekaa tu ukutani, haziendi kokote.
Hii nataka iende."

Saa moja kasoro robo, ubani ukatangulia kwenye kona,
kisha ngoma, kisha tarumbeta zilizochoka,
kisha wanaume themanini wa kanzu za zambarau
wakiyumba chini ya jukwaa zito kama nyumba.
Nilimwona akikunja ngumi ndani ya aproni.
Niliuona mguu wake ukitaka kutoka,
kama wa mama anayemwona mtoto akivuka barabara.
Haukutoka.
Kiatu cheusi kikakanyaga gurudumu la nyuma.
Kiatu cha pili, usukani.
Cha tatu sikukiona; macho yalikuwa yamejaa moshi,
au ndivyo nilivyosema.

Nyuma yao mafagio ya manispaa, makoleo, lori.
Usiku mzima ukazolewa kwa dakika nne.
Buluu ikaingia zambarau, zambarau ikaingia majani,
ikawa rangi isiyo na jina,
karibu na ya punda aliyelowa.

Kijana wa koleo akasita, akauliza
kama tungependa kubakiza kidogo.
Fidelina akachota konzi moja, akaipima
kama apimaye chumvi,
akaitupa ndani ya lori.

Mchana, alipoosha vikombe vya kahawa,
maji yalimtoka viganjani yakiwa ya buluu,
kisha buluu hafifu,
kisha maji.
"Mwakani," alisema, akitafuta kitambaa,
"ule usukani nitaunyoosha."